Nilimsingizia Nyoka, Ng'ombe Akaenda Mnadani

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili usifike katikati ukaanza kutafuta mwingine wa kumlaumu. Ng'ombe mmoja wa huku Endasak amechinjwa kwa sababu yangu, mimi ambaye siku hizi hata kuku sili.

Usinitafute. Ni msichana, nasoma kidato cha tatu, na ukikutana na mimi njiani nitakuamkia shikamoo kwa sauti ambayo utadhani ni upepo. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, ila linaishia kooni. Kwenye kuandika ndiko najiweza.

Na kuandika ndiko kulikoniponza. Shuleni tulikuwa na mdahalo: je, binadamu ana haki ya kuwatumia wanyama atakavyo? Upande wetu tulipangiwa kupinga. Kwa vile siwezi kusimama mbele za watu, nikapewa kuandika hoja, na rafiki yangu Restituta, ambaye hamwogopi hata mkuu wa shule, akapewa kuzisema.

Niliandika kama kazi ya shule tu. Kwamba ng'ombe akipigwa anaumia, na hilo hakuna anayehitaji kufundishwa, tunaliona kila siku. Kwamba tuna mahindi, maharage, mbaazi, mboga za kila aina, kwa hiyo tukimchinja mnyama si kwamba tungekufa njaa, ni kwamba tumezoea. Na kwamba kama mwenye nguvu ana haki ya kumfanya asiye na nguvu anavyotaka, basi sisi wadogo tukionewa na wakubwa tusilie, maana ni haki yao.

Restituta alizisema vizuri sana. Tukashindwa vibaya sana. Mvulana mmoja wa upande wa pili alisimama, akakohoa kidogo kama mbunge, akasema, "Waheshimiwa, keshokutwa kwetu kuna kipaimara, na beberu ameshafungwa nyuma ya nyumba. Anayekubaliana na dada Restituta asije."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mdahalo ukaishia hapo. Shule nzima hoja zangu zilimbadilisha mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe ni mimi niliyeziandika.

Sasa ngoja nikueleze nyumbani kwetu. Baba anafanya kazi mbali. Tunaishi mama, bibi na mimi. Ng'ombe wetu wenyewe hatuna, lakini tulikuwa na Mgeni. Bibi ndiye alimpa jina hilo, kwa sababu hakuwa wetu. Huku kwetu mtu mwenye mifugo mingi anaweza kumweka ng'ombe wake kwa familia isiyo na kitu. Nyie mnamlisha, maziwa na mbolea ni vyenu, ila ng'ombe mwenyewe na ndama wake wanabaki mali yake. Mgeni alikuwa wa mzee mmoja wa upande wa Katesh. Tunamwita babu, ingawa si ndugu wa damu.

Siku alipomleta nilikuwepo. Alimpapasa mgongoni akamwambia mama, "Akikamulika vizuri akae tu, sina haraka naye. Siku akiharibika nitakuja kumchukua."

Bibi hana meno. Chakula chake ni ugali na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chake, na kibuyu hicho kikitikiswa kikalia vizuri, siku yake imekamilika. Alimpenda Mgeni mpaka akawa anamwita mwanangu. Mimi baada ya ule mdahalo nikawa namtazama bibi nawaza: mwanao mbona unamnyang'anya mtoto wake maziwa?

Maana sijui kama umewahi kuangalia kukamua kwa macho ya kuangalia kweli. Ndama anafunguliwa, anakimbilia kwa mama yake, ananyonya kidogo tu ili maziwa yashuke. Akianza kunogewa anavutwa shingoni, povu bado mdomoni, anafungwa pale pale mbele ya mama yake. Mama yake anamlamba huku sisi tunajaza ndoo. Nilikuwa nimeliona jambo hilo maisha yangu yote. Baada ya mdahalo ndipo nikaliona.

Mtu mwenye akili angemwambia mama. Mimi nikaona rahisi zaidi ni kuiba.

Kufagia zizi ilikuwa kazi yangu, alfajiri kabla ya shule. Nikaanza kuamka mapema kidogo kuliko mama. Nafungua ndama, namwacha anyonye mpaka anatembea kama mlevi, namfunga tena, nashika ufagio. Mama akija na ndoo ananikuta nimeinama nafagia, utafikiri mtawa.

"Huyu ng'ombe ana nini?" mama alisema siku ya kwanza, anavuta chuchu, kinatoka kijisauti tu kwenye ndoo.

"Sijui, mama."

"Jana alijaza."

"Labda majani."

Nakiri nilifurahia. Unajua raha ya mtu mwoga akifanya jambo kubwa halafu hakuna anayemhisi? Nilikuwa naenda shule nacheka peke yangu njiani. Ndama akanenepa, akang'aa. Kibuyu cha bibi kikanyamaza.

Kisha mama akaanza kuwa mpelelezi. Asubuhi moja aliishika kamba ya ndama akaigeuzageuza.

"Hili fundo sijafunga mimi," alisema.

Nikaongeza kasi ya kufagia. Bahati nzuri, au mbaya, bibi alikuwa amekaa mlangoni anaota jua, akasema, "Mnahangaika na mafundo. Huyo ananyonywa na nyoka. Nimeyaona hayo tangu nikiwa msichana. Anaingia, anajizungusha mguuni, ananyonya taratibu, ng'ombe mwenyewe hasemi kitu kwa sababu anasikia raha."

"Mama, nyoka hana midomo ya kunyonya," mama yangu alimjibu mkwewe.

"Ulimfungua mdomo ukaangalia?"

Mama hakuiachia ile kamba. Na mimi hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Jioni mama alipokwenda kuteka maji, nilichukua kamba ya katani nene, nikaiburuta kwenye vumbi, kwa mikunjomikunjo, kutoka mlango wa zizi mpaka kwenye rundo la mawe. Nikarudi nyuma kuangalia. Alikuwa nyoka mzuri. Nikamwongeza unene kidogo.

Asubuhi bibi ndiye aliyemwona kwanza. Hakupiga kelele. Alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema kwa furaha kubwa, "Njooni muone, nyie mnaobisha."

Siku hiyo hatukuwa na shule, na kufika saa nne kijiji kizima kilishajua. Mwenye bodaboda aliyepita kumchukua jirani alizima pikipiki akaja kuangalia, akasema huyo ni chatu mdogo. Aliyekuja baada yake akasema si mdogo. Jirani yetu akaleta tumbaku, wakalizungushia zizi ili kumfukuza nyoka. Katekista naye akaja na maji ya baraka, mtu mnene mwenye heshima zake, lakini siku hiyo alibariki akiwa mbali, akirusha maji kwa nguvu ili yafike. "Baba Katekista, sogea," bibi alimwambia. Akajibu, "Baraka hazina umbali, bibi."

Mimi nilikuwa nyuma ya watu nimejiziba mdomo na kanga. Walidhani nalia.

Sikuwaza kwamba habari zinatembea. Wiki hiyo hiyo babu mwenye ng'ombe alifika, na fimbo yake na kamba mpya mkononi. Nilipoiona ile kamba kicheko chote kilinitoka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mama yuko?"

Mama alimpa kigoda. Bibi akamsimulia kila kitu, akaongeza na vitu ambavyo hata mimi sikuvichora. Kwamba alimsikia nyoka akipumua. Kwamba Mgeni siku hizi akiitwa haitiki, anatazama tu kwenye mawe kama anayemsubiri mtu wake.

Babu alisikiliza, akaenda zizini, akamtazama Mgeni mbele na nyuma. Akarudi akakaa.

"Ng'ombe aliyezoea nyoka hakai kwa mtu," alisema. "Nikimrudisha kwangu ataniletea nyoka kwa wengine. Nikimpeleka kwa familia nyingine watanilaumu. Huyu ni wa mnadani."

"Mnadani kwa wafugaji?" mama aliuliza.

"Nani atamfuga na habari hizi? Kwa wachinjaji."

Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, hatua chache kutoka kwake. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Ningeyasema wangefunga ndama vizuri usiku, asubuhi wangekamua, ndoo ingejaa, na Mgeni angebaki zizini. Nilikuwa nimeandika hoja za kutetea wanyama wa dunia nzima, na mnyama mmoja aliyehitaji neno langu alikuwa hapo hapo anatafuna.

Nilifungua mdomo. Babu akanigeukia, "Eti mjukuu?" Nikasema, "Nikuletee maji, babu?"

Nikamletea maji. Akanywa, akashukuru, akamfunga Mgeni kamba kwenye pembe, ndama akafuata mwenyewe nyuma. Mgeni alikwenda bila shida. Alikuwa na tabia nzuri tangu zamani. Bibi alimfuata mpaka njia panda akimwambia pole kwa lugha yetu ya Kiiraqw, na alirudi peke yake akikanyaga polepole.

Siku ya mnada nilikaa darasani, sikusikia somo hata moja. Jioni mama alirudi kutoka Katesh na chumvi na sabuni. Alisema amekutana na babu. Mgeni alinunuliwa na mwenye bucha, asubuhi ile ile.

Tulikuwa tunachambua maharage. Nilisema bila kuinua macho, "Mama, hakukuwa na nyoka."

Nikasema yote. Kamba, vumbi, ndama, mdahalo. Bibi aliposikia akacheka mpaka machozi. "Wewe? Wewe uliyeshindwa kutaja jina lako mbele ya padri? Acha kumtetea nyoka." Mpaka leo haamini. Akija mgeni nyumbani anampeleka kumwonyesha yale mawe.

Mama aliamini. Hakunipiga, na nilitamani anipige. Alichambua maharage mpaka yakaisha, akapepeta, ndipo akasema, "Ungeniambia unamwonea huruma ndama, ningekugombeza. Ningekuambia hizo ni akili za shule. Tungegombana wiki nzima. Lakini ng'ombe angekuwa zizini."

Kisha akasema Jumamosi nitakwenda mwenyewe kwa babu, kwa miguu, na sitasindikizwa.

Nilikwenda. Nilifanya mazoezi ya kusema njia nzima, nikiyaambia mahindi ya watu. Babu alikuwa anatengeneza uzio wa boma lake. Ndama wa Mgeni alikuwa humo na wenzake, amepungua, manyoya yamesimama. Nikaamkia. Nikasema.

Alisimamisha kazi. "Kwa hiyo nyoka ni wewe?"

"Ndiyo, babu."

Alianza kucheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Akaangalia upande wa ndama. "Alikuwa ng'ombe mzuri yule. Ningejua nisingemuuza." Akaniuliza, "Siku ile nilikugeukia. Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Ukaona aibu," alisema, akarudi kwenye uzio wake.

Ningeweza kuaga nikaondoka. Lakini nilikuwa nimeshazoea sauti yangu kidogo. Nikamwambia kwamba nilikosa kudanganya, lakini kuhusu ndama sikukosa. Kwamba tunawaita wanyama wanetu wakiwa na maziwa, na yakikauka tunawaita nyama. Kwamba hakuna mwanangu wa namna hiyo. Na kwamba kama ana mpango wa kutuletea ng'ombe mwingine, ningeomba asilete.

"Na bibi yako atakula nini?"

"Nampondea maharage, babu. Na mboga na karanga."

"Anasemaje?"

"Anasema nimemgeuza njiwa. Lakini anamaliza."

Akaacha tena uzio, akanigeukia. "Unanipangia ng'ombe wangu?"

"Ndiyo, babu."

"Nenda nyumbani," alisema. "Nitafikiri." Mpaka leo hajasema amefikiri nini, lakini hajaleta ng'ombe.

Basi, wewe unayesoma hapa. Huenda na wewe umeona lile nililoliona na unaogopa kulisema kwenu, kwa kuwa watakuita mtoto wa kizungu, watakuwekea kipande cha nyama kwenye sahani wakuone utafanyaje. Usifanye kwa siri kama mimi. Usitafute nyoka wa kumtuma akusemee. Sema pale pale chakula kinapopakuliwa, sema huku unatetemeka, waache wacheke mpaka wachoke. Kuchekwa hakuchinji mtu. Mimi nilikimbia kuchekwa, na aliyechinjwa ni Mgeni.