Shangazi Ameacha

Mwaka ule chuo kikuu kilikuwa kimefungwa tena, nami nilikuwa nyumbani karibu na Ogembo nikichuma chai vibaya. Kanisa letu la Sabato lilipopata mchungaji mgeni kutoka ng'ambo wa kubatiza watu, wazee wakaniteua mkalimani. Nilikuwa nimesoma Kiingereza chuoni mihula miwili. Hakuna aliyeuliza nilipata alama gani.

Shangazi yangu alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Wazee walikuwa wamemrudisha mara mbili kwa sababu ya kupika busaa, na safari hii mgeni ndiye angeamua. Akaingia mtoni hadi kiunoni. Mgeni akauliza kama anapika pombe. Nikatafsiri.

"Nimeacha," shangazi akasema.

"Mwulize pipa la busaa liko wapi!" mama mmoja akapaza sauti kutoka ukingoni.

"Lina maji ya ng'ombe!" shangazi akamjibu. "Na wewe ndiye uliyelia lilipooshwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kazini. Kwa "kuacha" nilikumbuka kitenzi kimoja tu, "leave". Ilibaki kuchagua wakati. Tulifundishwa kwamba tendo lililokwisha, ambalo matokeo yake bado yapo, huchukua "has". Lakini "has" ilinitia wasiwasi: mgeni angedhani ameacha hadi leo tu, kesho haijulikani. Ukweli wa kudumu, kama jua kuchomoza mashariki, huchukua wakati uliopo wa kawaida. Kwa faida ya shangazi, nikachagua udumu.

"She leaves," nikatangaza.

Mgeni akamtazama shangazi, ambaye hakuonyesha dalili ya kuondoka. Akaniuliza kwa upole anakwenda wapi. Sikuona uhusiano, lakini mkalimani hahoji.

"Anauliza unakwenda wapi."

Shangazi, aliyehudhuria masomo ya ubatizo miaka mitatu, hakusita. "Mbinguni."

Jibu lile halikuwa na kitenzi, kwa hiyo nililitafsiri bila kosa. Mgeni akafumba macho, akasema amina, akamzamisha.

Shangazi alipotoka majini, mzee wa kanisa alikuwa ameshaandika jina lake kitabuni. Shangazi akalitazama huku akikamua kitambaa chake cha kichwa.

"Mbona hakuendelea kuuliza juu ya busaa?"

Nikamweleza kwamba huenda mgeni alidhani anaondoka.

"Niondoke niende wapi, mwanangu," akasema, "na ndiyo kwanza nimeandikwa?"