Breki Iliyotetemeka Kutoka Dagoretti Corner Hadi Parklands

Niliondoka nyumbani kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekataa kushika breki. Mimi ni fundi wa kushona hapa Dagoretti Corner, na sare za wateja nazipeleka kwa baiskeli ya milimani niliyonunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alhamisi moja, nikiteremka bonde la Lavington na mzigo nyuma, nilibana breki ya mbele. Foku, ile uma inayoshika gurudumu la mbele, ikaanza kutetemeka, usukani ukanipiga viganjani, nami nikaishia mtaroni. Lori lilipita karibu sana, upepo wake ukanifunika vumbi.

Mume wangu, Ouma, aliniona nikisukuma baiskeli nje asubuhi ya Jumamosi iliyofuata.

"Mama Neema, uza hiyo kitu," alisema. "Sitaki kuitwa mochari kukutambua."

"Nikiuza, sare za Parklands zitaenda na nini?"

Ouma alifunga mzigo wa sare kwenye keria ya nyuma na kuukaza mara mbili.

Barabara ya Ngong niliitembea kwa miguu kuelekea mjini kwa fundi, baiskeli ubavuni, nikikaa ukingoni kabisa. Kila gari lililonipita nililisikia mgongoni. Palipokuwa na mteremko nilijikuta nimeshika usukani kwa nguvu, ingawa sikuwa nimepanda.

River Road nilifika jua likiwa limepanda. Njoroge, fundi wa baiskeli niliyeelekezwa kwake, alikuwa na benchi yake kati ya duka la rangi na duka la misumari. Alinisikiliza, akainua gurudumu la mbele na kulizungusha huku jicho lake likiwa kwenye diski, ile sahani inayobanwa na breki.

"Haijapinda," alisema. "Labda imeshika mafuta."

Aliikagua kalipa, kile kibano cha breki, akakuta boliti zake zimekazwa vizuri. Akaifuta diski kwa spiriti na kusugua pedi kwa msasa. Kisha akaniambia nikaijaribu kwenye mteremko wa kushuka Kirinyaga Road. Nilitaka kumwomba aende yeye, lakini nilikuwa nimekuja mwenyewe na ningerudi mwenyewe. Nilipanda.

Chini pale mtu alikuwa akivuka na mkokoteni wa magunia. Nilibana breki. Mtetemo ukarudi vilevile, du-du-du, mpaka meno yakagongana. Nilitupa miguu chini na kusimama, tairi la mbele likigusa gunia la mwisho.

"Wee mama, unataka kuniua?" mwenye mkokoteni aliuliza, bila hata kupaza sauti.

Nilirudi nikisukuma. Njoroge alitazama uso wangu, akaweka spana chini.

"Basi si diski," alisema. "Bana breki ya mbele, usiachilie. Mimi nitaisukuma mbele na nyuma. Wewe weka vidole hapa, penye shingo inaingia kwa fremu."

Niliweka. Aliposukuma, nilihisi kitu kikigonga chini ya vidole, kama jino lililolegea.

"Panacheza," nilisema.

"Hapo ndio ugonjwa uko. Breki ikishika, foku inarudi nyuma, shingo inaruka. Ndio unasikia kama breki inatetemeka."

Alifungua shingo. Beringi za chini, zile gololi ndogo za chuma, zilikuwa zimeliwa na kutu, mbili zimepasuka. Nilizitazama kiganjani mwake, nikawaza uzito wangu na wa sare ukiwa umekaa juu ya vile vipande siku zote hizo. Aliweka mpya, akapaka grisi, akakaza kidogo, akageuza usukani, akakaza tena.

"Ukikaza sana, handle inakuwa ngumu kugeuza. Ukilegeza, inarudi kucheza."

Hadi Parklands niliendesha taratibu, nikakabidhi sare kwa Bi. Shah, mwenye shule ndogo ya chekechea. Aliniletea maji, akauliza kama ninaumwa.

"Naogopa kurudi," nilimwambia.

"Basi kaa kwanza," alisema, akanivutia kiti.

Alasiri niliondoka kwake. Mteremko wa kuelekea Kileleshwa ulinikuta nikiwa nimepanda baiskeli. Niligusa breki kidogo, nikaachilia. Niligusa tena. Katikati ya mteremko gari lilisimama ghafla mbele yangu, nami nikabana kwa vidole vyote. Baiskeli ilipungua, ikasimama. Usukani ulikuwa umetulia. Nilibaki nimebana breki hata gari lile lilipokwisha kuondoka.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijafunga mzigo, nabana breki ya mbele, naisukuma baiskeli mbele na nyuma, na kusikiliza shingo kwa vidole. Nimejifunza kuwa mahali panapotetemeka si lazima ndipo palipoharibika. Na nimejifunza kuwa baiskeli hupona kwa siku moja. Mimi bado nateremka polepole.