Makereta na Kikosi cha Majivu

Kwa miaka kumi na tisa Makereta Vuniwaqa alizima moto wa miwa huko visiwani, Seaqaqa, na kilichomkera zaidi hakikuwa moto bali mapanga ya wakataji. Miwa iliyoungua huharibika upesi, kwa hiyo kiwandani husagwa kwanza, bila foleni; basi shamba likipoa tu, wakataji hao, wameingia.

"Ushahidi wote unapakiwa kwenye lori unakwenda kuwa sukari!" alifoka.

Wakubwa walipochoshwa na kelele zake, wakampa ruhusa aunde kikosi cha kuchunguza mioto ya kuchomwa makusudi. Akachukua watu sita: polisi wawili, wazimamoto wawili, nyapara wa wakataji, na Shalini, karani mpole wa kituo. Mafunzo yenyewe? Alichoma vishamba vidogo nyuma ya kituo, nao watafute alipowashia kiberiti. Aliyekosea alitwanga yaqona, mizizi ya kinywaji chao cha jioni. Polisi walitwanga mpaka viganja vikaota sugu.

Kisha likaungua shamba la Apisai, kaka yake Makereta wa tumbo moja.

"Ni Ramsumer!" Apisai alipiga kelele, akimnyooshea kidole jirani yake, mpangaji kwenye ardhi ya ukoo. "Ahame leo leo!" Vijana wa ukoo wakaitikia. Mke wa Ramsumer akaanza kutoa virago mlangoni, maana walishaona wapangaji wenzao wakifukuzwa kwa maneno tu.

Makereta alifunga kamba kuzunguka shamba, akawazuia wakataji, kisha mwenyewe akabaki nje, mikono nyuma. Ndugu hachunguzi ndugu.

Kikosi kikaingia kikiinama. Kwa muda wa saa mbili nzima. Shalini akatoka uso umemwiva.

"Mwalimu, naogopa kusema."

"Nilikufundisha kuogopa?"

"Moto haukutoka kwa Ramsumer. Mabua yamebabuka upande wa huku, ndiko moto ulikotoka. Tumefuata mpaka tukakuta kiwashio: kipande cha mpira wa baiskeli kilichoungua." Akaonyesha kwa kidole. "Hatua kumi kutoka choo cha kaka yako."

"Makereta!" Apisai alimaka. "Kikosi si chako? Waambie basi!"

"Sheria msumeno, kaka. Shalini, andika ulichoona."

Apisai alinywea. Foleni ya kiwanda ilikuwa ndefu, akakiri, naye alitaka kuiruka. Akaingia ndani, akatoka na jino la nyangumi, akapiga magoti mbele ya dada yake. Kwa mila yao, jino likipokewa, kosa limesamehewa. Makereta hakuitoa mikono mgongoni.

"Umepotea nyumba. Ya Ramsumer ni ile yenye virago mlangoni. Ukitoka huko, polisi wanakungoja."

Ramsumer alilipokea akilia. Mkewe akarudisha masufuria ndani.

Jioni ile kituoni, Makereta alijaa fahari hata akashindwa kuhutubia. Akauchukua mchi, akaketi kando ya kinu.

"Mwalimu, leo hakuna aliyekosea," Shalini alisema.

"Yupo," alijibu, akitwanga. "Nilipokuwa pale kwenye kamba, moyoni nami nilisema ni Ramsumer."