Mzazi Akae Nje

Siku yangu ya kwanza kazini, Bi Mkubwa, mwenye steshenari pale Mtendeni, hakunionyesha kompyuta. Alinionyesha benchi. "Mzazi akija na mwanafunzi, mpe kahawa akae hapa nje. Mtoto ingia naye ndani. Waulize mmoja mmoja."

Nikadhani ni ukarimu tu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Tulikuwa tunawaombea vyuo waliomaliza kidato cha sita, na huku kwetu mtoto haji peke yake. Anakuja na baba, na shangazi, hata jirani anayejifanya anajua. Ukiwauliza kwa pamoja, wote wataimba udaktari. Tahasusi, yaani yale masomo matatu uliyosoma, inakufungulia milango kadhaa, wadogo zangu. Kuchagua mlango ni shughuli nyingine.

Siku dirisha la maombi linafungwa, alikuja Kabula kutoka Igalula na baba yake, mfugaji nyuki. Alisoma fizikia, kemia na baiolojia, na amefaulu vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Andika udaktari, kijana."

Nikampa kahawa yake. Ndani nikamuuliza Kabula swali la Bi Mkubwa: "Nyumbani kazi gani unaifanya bila kutumwa?"

"Nyuki," akasema, uso ukachangamka. "Kumbe chuo kikuu wanafundisha! Lakini usiandike, kaka. Baba anataka daktari. Nitamvunja moyo."

Nikatoka nje. "Baba, ingekuwa ni kwa moyo wako, asomee nini?"

Akakikodolea macho kikombe. "Moyo wangu? Nyuki. Mizinga yote ile nitamwachia nani? Ila tangu mdogo anasema daktari. Nimzuie?"

Nilicheka mpaka Bi Mkubwa akatoka. "We! Unamcheka mtu mzima?"

"Njoo usikie mwenyewe, Bi Mkubwa."

Akamwita Kabula, akawasemesha wote wawili pale pale.

"Mimi nilisema daktari nikiwa darasa la pili," Kabula akalalamika, "ukafurahi mno, nikaogopa kubadilisha!"

"Nami nikaona usije ukasema baba yako mchoyo, amekunyima udaktari." Mzee akajifuta macho kwa kofia. "Haya kijana, tuma hiyo ya nyuki, dirisha lisije likatufungia!"

Nikatuma. Tukashusha pumzi sote.

Wiki hii nimestaafu kwa Bi Mkubwa, mcheke tu, kijana mzima. Naenda Ipuli kufungua steshenari yangu. Ninyi mnaojiandaa na chuo, kabla hamjasema mzazi ndiye aliyewachagulia, muulizeni kwanza yeye anatamani nini. Huenda naye anawaonea haya.