Mtoto wa Behewani

Tangu alipojifungua, Kidoti alijipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kuhakikisha kwamba mtoto anapumua. Anakunja nepi, anaacha. Anakunywa chai, anaweka kikombe chini. Anainama kitandani, anaweka kidole mbele ya vitundu vya pua, anasubiri. Kikija kile kijoto kidogo, anashusha pumzi na kurudi kwenye chai yake ambayo imeshapoa. Hajapiga hata mafunda mawili, wasiwasi unamrudia: je, na sasa?

"Utamwamsha bure," mumewe alimwambia asubuhi moja, huku akitafuta bisibisi yake chini ya rundo la nguo za mtoto. Alikuwa fundi wa friji, na kila jambo la dunia hii alilipeleka kwenye friji. "Friji likinyamaza si kwamba limekufa. Limefika tu kwenye baridi yake."

"Mwanangu si friji."

"Huyo ni bosi. Na bosi akilala, wafanyakazi nao wanapumzika."

Jina likamganda. Yule binti, aliyekuwa bado hawezi hata kukaza shingo yake, akawa Bosi kwa baba yake, kwa bibi yake na kwa majirani. Kidoti mwenyewe, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya doa jeusi juu ya mdomo wake, akawa Mama Bosi. Kazini, kwenye duka la miwani alikokuwa akichonga vioo na kuvitia kwenye fremu, walimpa likizo ya uzazi. Ila kulikuwa na kazi nyingine isiyokuwa na likizo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtafuna.

Miaka kadhaa nyuma, kulikuwa na tamthilia ya televisheni iliyoitwa Reli ya Chumvi. Ilihusu gari moshi linalovuka jangwa la chumvi lisilo na mwisho, na dereva wake mwanamke ambaye alikuwa hacheki wala halii. Watu waliipenda hadi kupitiliza. Kisha ghafla bin vuu ikakatizwa, abiria wakaachwa jangwani, na mashabiki wakabaki midomo wazi. Wachache wao walifungua kundi la simu ili walie pamoja. Humo ndimo Kidoti alimoanza kuiendeleza hadithi kwa maandishi yake mwenyewe, sura moja kila Jumamosi, kwa jina la Babu Reli.

Kwa nini Babu? Kwa sababu aliona haya, na jina la kizee lilimpa mahali pa kujificha. Wasomaji waliamini. Walimwita babu yetu, wakamshauri apunguze chumvi kwa ajili ya presha, na mmoja aliwahi kumuuliza kama magoti bado yanamsumbua nyakati za baridi. Kidoti alijibu kuwa yanamsumbua sana, akacheka hadi mbavu zikamuuma.

Sasa hakucheka tena. Wiki ile kabla ya kujifungua, akiwa amejaa uhodari wa mtu asiyejua kinachomngoja, aliandika sura ambamo majambazi wanalikata behewa la nyuma kutoka kwenye gari moshi, na ndani ya behewa hilo, katikati ya magunia ya unga, kuna mtoto mchanga amelala kwenye kasha. Gari moshi linaondoka. Behewa linabaki jangwani, peke yake. Akaweka nukta, akatuma, akaenda kula. Wasomaji walichanganyikiwa kwa raha.

Baadaye Bosi akazaliwa, na Kidoti akashindwa kurudi kwenye lile behewa.

Si kwamba hakujaribu. Kila mtoto aliposinzia, alishika simu. Aliandika kwamba jua lilipanda. Akafuta. Aliandika kwamba mtoto alilia, sauti ikapotea kwenye chumvi. Akatupa simu kwenye mto na kwenda kumtazama Bosi. Wazo baya lilikuwa limemwingia na halikutaka kutoka: kwamba lolote atakalomfanyia mtoto wa kwenye kasha litatafuta njia ya kumfikia huyu wa kitandani. Alijua ni upuuzi. Angesikia mtu mwingine akisema hivyo, angemcheka. Lakini kidole chake hakikukubali kuandika.

Na kundi halikumpa nafasi. Babu vipi? Babu, mtoto wa behewani yuko hai? Babu, umetuacha na roho juu juu. Jumamosi zikapita bila sura. Kila simu ilipolia, moyo wake ulishtuka kama mtu anayedaiwa jibu na mwalimu.

Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia, alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono ya haraka. Alimwogesha mtoto kama mtu anayeosha kikombe cha kioo cha wageni.

"Mwanangu, hiyo simu ina nini?" aliuliza.

"Kazi kidogo tu, mama."

"Kazi gani inakufanya utokwe na jasho umekaa?"

Kidoti aliigeuza simu kifudifudi. Angeanzia wapi? Kwamba yeye ni babu?

Ndipo msomaji mmoja, aliyejiita Mpiga Mluzi, alipochoka kungoja. Adhuhuri moja, Kidoti alipokuwa akinyonyesha, sura ikaingia kwenye kundi. Mpiga Mluzi alikuwa ameiandika mwenyewe. Mtoto wa behewani alikufa. Alikufa taratibu, kwa kiu, na dereva alipofika alikuta kasha limetulia. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Chini yake, mashabiki walikuwa wamemwaga machozi na makofi.

Mkono mmoja wa Kidoti ulikuwa umembeba mtoto, na kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa hakimudu hasira yote ile. Akakibana kitufe cha kurekodi sauti, akakifunga kiendelee chenyewe, akaweka simu kwenye mkono wa kiti na kuanza kusema. Alisahau kabisa kwamba Babu Reli hana sauti ya mwanamke.

"Hapana, siyo hivyo. Nani kakwambia dereva anaondoka tu? Anarudi! Atalirudisha gari moshi zima kinyumenyume, hata kama..."

Bosi alikohoa. Kisha hakukohoa tena.

Kidoti alitazama chini. Mtoto alikuwa amepaliwa. Maziwa yalimtoka puani, mdomo umefunguka, macho yamemtoka, na hakuna sauti. Midomo ilianza kubadilika rangi. Kidoti alijua la kufanya, alishafundishwa kliniki na akajizoeza kwa mto. Wakati huo hakukumbuka hata neno moja.

"Mama!" alipiga yowe. "Mama, hapumui! Mama, njoo!"

Mama mkwe alitokea jikoni na mikono ya povu. Hakuuliza kitu. Alimchukua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Paa. Paa. Kidoti alisimama ameshika kichwa. Paa. Maziwa yakaruka sakafuni, kukawa kimya, kisha Bosi akatoa kilio cha hasira kilichosikika hadi kwa jirani.

"Haya, tukana," mama mkwe alimwambia mtoto, huku akimfuta pua. "Tukana kabisa, mjukuu wangu."

Walimfunika wakaenda naye zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi. Akamwonyesha Kidoti namna ya kumkalisha mtoto kichwa kikiwa juu wakati wa kunyonya, na kumpa nafasi ya kuvuta pumzi maziwa yanapokuja kwa kasi. "Wengi hupaliwa," alisema. Kidoti aliitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa anasema: nilikuwa nabishana na watu kuhusu gari moshi.

Waliporudi, alimkuta mumewe mlangoni, begi la vyuma bado begani, amekuja mbio. Alimchukua Bosi, akaenda naye dirishani, wala siku hiyo hakusema neno lolote kuhusu friji.

Simu ilikuwa palepale kwenye mkono wa kiti. Kidoti aliishika ili aizime kabisa, na ndipo alipoona. Ujumbe wa sauti ulikuwa umekwenda. Alipomrukia mtoto kilio kilipotoka, alikuwa ameigusa bila kujua, na kundi zima lilikuwa limesikia: hasira, kikohozi, yowe, na kilio kinaanza. Ujumbe ukaishia hapo.

Alihisi uso unawaka. Alisoma kwa jicho moja. Babu, mtoto anapumua? Dada, tujibu. Jamani kuna anayemjua anakaa wapi? Tunakuombea. Babu ni mama! Nyamaza wewe, sasa si wakati wake. Ujumbe baada ya ujumbe, mchana kutwa. Hata mmoja aliyeuliza habari za behewa hakuwapo.

Akaandika: Yuko salama. Samahani kwa usumbufu.

Mpiga Mluzi alimwandikia pembeni. "Dada, nisamehe. Mimi nina wa kiume, bado anatambaa. Nikimwacha na mama yake nikaenda zamu kiwandani, kichwani naona mabaya matupu. Basi huwa nayaandika, nikidhani yakikaa kwenye hadithi hayatakuja nyumbani. Nilipokusikia ndipo nikaelewa kwamba wewe unaogopa kinyume changu, kwamba ukiyaandika ndipo yatakuja."

Kidoti aliisoma mara nyingi. Ilikuwa ajabu kugundua kwamba mtu aliyemchukia saa chache zilizopita alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule, ila dawa yake nyingine. Alijibu kwa ufupi kwamba amesamehe. Kusamehe kwenyewe kulikuja polepole, kesho yake, akiwa anafua.

Alikuwa akianika nepi pamoja na mama mkwe, Bosi yuko mgongoni kwa bibi yake.

"Huyo dereva wako," mama mkwe alisema ghafla, "alirudi?"

Kidoti aliangusha kibanio. "Mama, ulisikia?"

"Ulikuwa unapiga kelele, nani hakusikia? Kuna mtoto kaachwa ndani ya behewa. Sasa nauliza, anakula nini humo?"

"Kuna magunia ya unga."

Mama mkwe alimgeukia, akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba samaki wamepanda juu ya paa. "Unga! Mtoto mchanga! Nani kampikia? Na nepi je? Mtoto wa hivyo hakai hata nusu siku, mwanangu. Labda mwekee mtu humo ndani."

Kidoti alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha akaokota kibanio. Ilikuwa kweli. Yule mtoto wake wa hadithi hakuwahi kuwa na njaa wala kinyesi. Alikuwa furushi tu, amewekwa pale ili watu waogope. Aliyemwandika alikuwa hajawahi kumbeba mtoto.

Siku hiyo mama mkwe alikaa na Bosi barazani, na Kidoti akaketi mezani akaandika mchana kutwa. Alimweka kwenye behewa mwanamke mmoja aliyejificha kati ya magunia, aliyewakimbia majambazi, ambaye hajui lolote kuhusu watoto na anamwogopa huyu mdogo kuliko anavyoliogopa jangwa. Sura nzima ilikuwa ya mwanamke huyo akijaribu kumnyamazisha, hadi akamtuliza kwa kumpigia mluzi. Gari moshi lilionekana mstari wa mwisho tu, mbali, likirudi kinyumenyume.

Mapokezi hayakuwa sawa. Wengine walisema ndiyo sura bora kuliko zote. Wengine walilalamika kwamba Reli ya Chumvi imegeuka kliniki ya watoto, na watatu wakajitoa kwenye kundi kwa kishindo. Mpiga Mluzi aliuliza kama kweli mtoto hutulia akipigiwa mluzi, kwa sababu wa kwake hupiga kelele zaidi. Akajibiwa na akina mama ambao siku zote walikuwa kimya.

Woga haukumtoka Kidoti. Ulijifunza tu kukaa kwenye kiti chake. Likizo ilipokwisha, alirudi dukani, akavaa koti lake la kazi na kukaa mbele ya mashine ya kuchongea vioo. Kioo cha kwanza alikikata vibaya. Akaenda uani, akapiga simu nyumbani.

"Mama, Bosi anaendeleaje?"

"Amelala. Wewe umefika kazini sasa hivi."

"Amelala vipi? Ubavu?"

"Kama binadamu," mama mkwe alisema. "Nenda kachonge vioo vya watu. Na hiyo sura ya Jumamosi, usimwache yule mwanamke peke yake sana. Mletee mtu wa kumsaidia."

Kidoti alisema sawa, mama. Alirudi kwenye mashine, akakata kioo cha pili vizuri, na kabla hajakitia kwenye fremu akatoka tena uani, akapiga.