Sauti Iliyomwita Mwanaidi Mchana

Mwanaidi alijulikana Kabuku kwa jambo moja: alikuwa anamuuguza mama yake. Bombani wanawake walimpisha achote kwanza. Msibani walimsogezea mkeka. "Huyo ndiye mtoto," walisema, "sisi wengine wetu wametusahau tungali hai." Na yeye, Mungu amsamehe, alizipenda sifa zile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanaidi aliposifiwa aliacha kulala.

Mama yake, Bibi Tatu, alipigwa na kiharusi uani, akipukuchua mahindi. Upande wa kulia ulikufa, na sauti ikaenda nao. Sauti hiyo ndiyo iliyowauma majirani, maana haikuwa ya kawaida. Enzi zake Bibi Tatu alisimama mlangoni akawaita binti zake waliokuwa ng'ambo ya mashamba ya mkonge, akilivuta jina katikati, "Mwanaiidi!", na wakata mkonge walinyanyua vichwa wakidhani wao ndio wanaitwa. Sasa zilibaki pumzi na macho tu. Macho yale yaliona kila kitu.

Mwanaidi alikuwa amerudi nyumbani na talaka yake zamani, hana mtoto wa kunyonyesha wala mwajiri wa kumfokea, basi familia ikakaa kikao kifupi kuliko vyote ilivyowahi kukaa. Kaka yake, Isihaka, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Mkata. Mdogo wao, Ikram, alikuwa ameolewa Bungu, juu milimani. Wote wawili walimpenda mama yao, na wote wawili walipiga simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usufi kwenye simu huwa mwepesi zaidi.

Isihaka alipokuja kusalimia, alikuja na tende na maneno matamu. "Dada, pepo yako iko humu humu ndani," alimwambia, kisha akatazama saa asije akakosa gari. Mwanaidi alimshika mama kwapani, akamgeuza ubavu asipate vidonda, akamfuta, akampaka mafuta, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mgongo ulimuuma kiasi kwamba alipika amepiga magoti. Nywele zake hazikusukwa tangu mvua za vuli. Siku moja alitia chumvi kwenye chai na kuinywa yote bila kugundua.

Jirani wa mlango wa pili, Josefina, ambaye wote walimwita Mama Valentino, aligundua. Babu zake waliletwa kukata mkonge kutoka mbali, wakafia kambini, na yeye akabaki Kabuku na shamba la mihogo na mdomo usiojua kunong'ona.

"Mwanaidi, unalala?" alimuuliza.

"Nalala."

"Unalala wapi, maana kitandani hulali. Niachie bibi asubuhi moja tu, ukajinyooshe kwangu."

"Mama hajazoea mkono mwingine."

Ulikuwa uongo mtupu. Bibi Tatu angekula kwa mkono wa yeyote mwenye kijiko. Lakini Mwanaidi aliogopa kwamba siku mtu mwingine akiiweza kazi ile, na sifa zitagawanywa.

Sauti ilianza wakati wa kiangazi, jua likiwa utosini. Mwanaidi alikuwa bombani, ndoo imefika nusu, akasikia: "Mwanaiidi!" Ilikuwa sauti ya mama yake, nzima, ya zamani, na jina limevutwa katikati. "Abee, mama!" aliitika kabla hajafikiri, akaacha ndoo, akakimbia. Alimkuta Bibi Tatu kama alivyomwacha, amelala chali, mdomo umepinda, macho mlangoni. Mwanaidi aligusa shingo ya mama yake kwa vidole, pale sauti inapotokea. Palikuwa pamepoa.

Ikamwita tena akiwa shambani kwenye mihogo. Ikamwita akianika mashuka. Kila mara aliitika, akakimbia, akakuta kimya. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kwamba mama yake bubu anamwita? Wangesema amechanganyikiwa, na sifa zote zile zingegeuka huruma.

Kisha akakumbuka onyo la marehemu bibi yake, ambalo kila mtoto wa Kizigua wa rika lake alilelewa nalo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Kaa kimya mpaka uuone uso. Anayeita bila uso anatafuta wa kwenda naye, na ukiitika umekubali safari.

Mwanaidi akaacha kuitika. Niseme kweli, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye aliisema: onyo lile lilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke, alikuwa na ruhusa ya kutonyanyuka. Sauti iliita, yeye alitulia, na kutulia kwake kulikuwa ni kufuata mila. Nani angemlaumu?

Siku yenyewe ilikuwa na joto la kuku kupanua mbawa. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta, anachambua kisamvu. Ndani alikuwa amemwegemeza mama yake kwa mito ukingoni mwa kitanda, na karibu na kitanda aliacha jiko la mkaa, sufuria ya uji juu yake. Jambo ambalo asingelifanya akiwa na akili zake. Alikuwa hana tena akili zake, alikuwa na mikono tu.

"Mwanaiidi!"

Ilitoka ndani ya nyumba. Hakuitika. Alichukua jani jingine la kisamvu.

"Mwanaiidi!"

Alisikia kitu kizito kikianguka. Akajiambia na hicho ni kile kile, kinamtega. Nzi walitulia. Upepo uliokuwa ukipita kutoka barabarani na ngurumo za malori ulikatika, na katika ukimya ule alisikia moyo wake mwenyewe, unapiga taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala. Jambo hilo lilimtisha kuliko sauti. Hata hivyo hakunyanyuka.

Aliyetokea ni Mama Valentino. Alipita mbio kona ya nyumba, mikono imejaa povu la sabuni, anapiga kelele, "Nakuja! Nakuja!" Hakumtazama hata Mwanaidi. Aliingia ndani, na Mwanaidi akamfuata kwa sababu miguu ilimfuata mtu aliyejua pa kwenda.

Bibi Tatu alikuwa sakafuni. Uji ulikuwa umemwagika, jiko limelala ubavu, na pindo la khanga yake lilikuwa linaungua polepole, bila mwali, moshi mwembamba unapanda. Mama Valentino alinyakua ndoo ya maji, akamwaga yote. Kwenye mguu ule uliokufa ngozi ilikuwa imebabuka. Mgonjwa hakuwa amehisi. Hakuwa anatazama moto wala mguu. Alikuwa ameugeuzia uso mlango wa nyuma, na alimtazama binti yake alivyoingia kwa kuchelewa, na machozi yalikuwa yakimtoka jicho moja.

Walimnyanyua, wakampeleka zahanati kwa pikipiki ya magurudumu matatu, wakamrudisha amefungwa bandeji. Ndipo Mama Valentino alipokaa kizingitini na kupumua.

"Umefanya vizuri kuniita," alisema.

"Nani kakuita?"

"Si wewe? 'Mama Valentino, njoo! Mama Valentino, njoo!' Nilikuwa nafua, nikaacha hata maji yanamwagika."

"Mimi sikufungua mdomo."

Mama Valentino alifanya ishara ya msalaba, haraka haraka.

"Ilikuwa sauti yako, Mwanaidi. Naijua sauti yako. Lakini basi, aliyeita kaita. Sisi wa kambini tulilelewa hivyo, ukiitwa unaitika, maana huwezi kujua ni nani kaangukiwa na nini." Kisha akauliza lile ambalo Mwanaidi alikuwa akiliogopa. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Hukusikia?"

Mila ilikuwa pale pale ulimini, tayari kumtetea. Mwanaidi akaiacha.

"Nilisikia. Nilisikia ameanguka. Nimechoka, Mama Valentino. Nilitaka aache kuniita." Akajifunika uso kwa mtandio. "Nilitaka aache kabisa."

Mama Valentino hakumgombeza. Alimvuta kichwa akakilaza kwenye mapaja yake yaliyonuka sabuni, kisha akaichukua simu ya Mwanaidi na kumpigia Isihaka, halafu Ikram. Kwa wote wawili alisema maneno yale yale. "Njooni. Mkisubiri mtazika wawili, na wa kwanza hatakuwa mama yenu."

Walikuja. Isihaka aliamuru kidogo, kama kawaida ya wanaume waliochelewa, mpaka Mama Valentino alipomwonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa na akatoka jasho mpaka shati likamganda. Baada ya hapo alinyamaza, akaahidi kuja kila Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata akaja kweli. Ikram alibaki kuuguza. Mwanaidi akapandishwa gari mpaka Korogwe, na kutoka hapo mlimani, kupumzika kwa shemeji yake, mume wa Ikram.

Bungu ni baridi. Aliwekwa chumba cha watoto wa Ikram, akafunikwa blanketi mbili, akalala mpaka mama mkwe wa Ikram alipokuja kumgusa kuona kama bado anapumua. Aliamka, akala, akalala tena. Siku za mwanzo aliona aibu kwa kila usingizi, akijihesabia kuwa ni mwizi. Kisha aibu ikachoka nayo. Wasichana wa Ikram walimsuka nywele. Alicheka kwa kitu fulani walichosema, na kicheko chake kilimshtua, alikuwa amekisahau. Sauti haikumwita hata mara moja, na kuhusu sauti hiyo hakumwambia mtu, si shemeji yake Hiza, si Ikram.

Ikram alipiga simu mara kwa mara, na kila mara alikuwa na fahari zaidi. "Wewe tulia huko, dada. Mama anakula vizuri. Huku wananisifu mpaka naona haya. Mama Valentino nimemwambia apumzike, asijisumbue, naweza mwenyewe."

Mwanaidi alipaswa kulishika neno hilo. Lakini alikuwa na usingizi.

Mchana mmoja, jua likiwa limepasua ukungu, simu ikalia akiwa barazani anachambua maharage na mama mkwe wa Ikram. Ikram alikuwa ananong'ona.

"Dada, mama amesema."

"Amesema nini?"

"Ameniita. Nilikuwa bombani. Jina langu, dada, kama alivyokuwa akituita zamani, analivuta. Nikakimbia. Nimemkuta amelala vile vile." Pumzi yake ilikuwa fupi. "Na jana pia. Na juzi."

Bakuli la maharage likamtoka Mwanaidi mapajani.

"Ikram, unalala?"

"Nalala."

"Mwite Mama Valentino akae na mama, ulale sasa hivi."

Kisha mdogo wake akasema, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumba asiyoijua, "Dada, mama hajazoea mkono mwingine."

Mwanaidi alisimama. Alitaka kumwambia yote, khanga inayoungua, jicho lile moja, lakini ndani ya simu, nyuma ya pumzi za Ikram, mbali, alisikia sauti ikiita. Safari hii ilikuwa ikiita jina la Ikram.

"Umesikia?" Ikram alinong'ona. "Marehemu bibi alituambia tusiitike."

"Achana na onyo la bibi. Itika, kisha nenda mlangoni umwite Mama Valentino kwa nguvu zako zote. Mwambie nimekutuma mimi. Mimi nashuka kesho na gari la asubuhi, tutapokezana. Umenisikia? Itika!"

Ikram hakuitika. Alikuwa ametulia, na Mwanaidi aliujua utulivu ule, aliujua utamu wake. Basi akaigeuzia simu mdomo, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika uani na mama mkwe wa Ikram akageuka kutazama ni nani amemwita.

"Abee, mama!" alisema Mwanaidi. "Tunakuja!"