Samoni Apata Kichwa

Juzi, kwenye kaunta ya samaki ya duka moja hapa Gisenyi, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimwonyesha muuzaji picha kwenye simu: bakuli la wali, na juu yake vipande vya samoni vilivyopakwa asali, vinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Mi nataka hii hii," alisema. "Noeli mama mukwe anatoka Goma, mara ya kwanza kula kwangu. Anasemaka sijui kupika."

Muuzaji akatoa kwenye friji kipande kilichoganda, akakipima. Kisha akakigeuza: hakina kichwa.

"Bon. Na kichwa utamupa ya samaki gani?"

Mwanamke akashika shavu, akashtuka kwa Kinyarwanda. "Yampaye inka! Atauliza nani amekula kichwa!"

Ndivyo tulivyo: kichwa cha samaki ni cha mkubwa wa meza, na akikikosa, amedharauliwa. Mimi nyuma yake nilishapanga hoja zangu zote. Ziwa Kivu liko hapo chini, samaki wake anatosha mkwe yeyote. Ya nini kuagiza heshima kwa ndege? Kabla sijafungua mdomo, alielekeza kidevu kwenye tilapia mzima wa ziwani.

"Mama, nikatie kichwa ya ile. Nitaipaka asali pia."

"Na mwili?"

"Weka. Tutakula leo, bila wageni."

Basi Noeli hii mama mkwe atafyonza kichwa cha tilapia wa Kivu mpaka mfupa wa mwisho, atamsifu mkwe wake kwa mara ya kwanza, na sifa zote zitakwenda kwa samoni.